Kamera imezima ghafla harusini, na kompyuta inataka kadi ifomatiwe: nianzie wapi?

*"Mtaalamu, naomba msaada. Napiga picha za harusi hapa Dar es Salaam kwa Canon EOS 700D niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Jumamosi tulianza na picha za ufukweni Kigamboni, upepo ulikuwa mkali, kisha tukaingia ukumbini kwenye kiyoyozi kwa zaidi ya saa mbili. Maharusi walipotoka bustanini kukata keki, kamera ikazima katikati ya kupiga. Nimebadilisha betri (ninazo mbili, zote si za kampuni), nimewasha na kuzima mara nyingi, lakini hakuna taa wala skrini. Rafiki mmoja anasema shata imekwisha. Mwingine ananiambia niifukie kwenye mchele siku tatu. Fundi wa simu jirani yangu yuko tayari kuifungua leo. Kibaya zaidi, nimetoa kadi nikaiweka kwenye kompyuta, inaniambia niifomati. Picha zote za ndoa zimo humo. Nianzie wapi?"*

Pole sana. Hapo una matatizo mawili yaliyotokea kwa dakika moja, na ndiyo maana yanaonekana kama moja. Kamera isiyowaka ni suala la fedha, na hata ikishindikana kabisa utapata nyingine. Kadi ile ina ndoa ya watu, na ndoa hairudiwi ili ipigwe picha upya. Kwa hiyo tutaanza na kadi. Kabla hujasoma mbele, lakini, toa betri kwenye kamera na uiache nje. Usijaribu kuiwasha tena hata mara moja mpaka tufike huko. Sababu utaiona nikifika kwenye unyevu.

Kompyuta inapotaka kadi ifomatiwe haina maana kwamba picha zimefutika. Maana yake ni kwamba imeshindwa kusoma orodha. Kadi ya kumbukumbu hufanya kazi kama ghala lenye daftari mlangoni: picha zimepangwa rafuni, na daftari linaonyesha ipi iko wapi. Kila unapopiga, kamera huweka picha rafuni kisha huandika daftarini. Umeme ukikatika wakati kalamu iko juu ya karatasi, ukurasa unaharibika, na anayekuja baadaye hawezi kuusoma. Mzigo, hata hivyo, bado uko rafuni. Picha iliyokuwa ikiandikwa dakika ile huenda ikawa imekatika nusu. Mamia yaliyotangulia kwa kawaida ni mazima.

Kwa hiyo kompyuta ikiuliza, kataa. Ukikubali, daftari la zamani linabadilishwa na jipya lililo tupu, na kuanzia hapo kitu chochote kitakachoandikwa kwenye kadi kitakaa juu ya picha zako. Hata kama kidole kilishateleza ukakubali, bado usikate tamaa, mradi hujapiga wala kunakili chochote juu yake. Kosa lisilosameheka ni kuiweka kadi hiyo kwenye kamera ya kuazima ili kujaribu, ukapiga picha mbili tatu. Jihadhari pia na ile programu ya Windows ya kurekebisha diski inayojitokeza yenyewe. Nia yake ni kunyoosha daftari, lakini hufanya hivyo kwa kuandika juu ya kadi ileile, na vipande inavyoona havieleweki huweza kuvitupa.

Sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni mwa kadi kishuke upande wa kufunga. Visoma kadi vingi hukiheshimu na kukataa kuandika. Futa vidole vya dhahabu vya kadi kwa kitambaa laini kikavu, kisha ijaribu kwenye kisoma kadi kingine, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Visoma kadi vya bei ya chini ni wagonjwa wa kila siku, na vingi vya zamani hushindwa kusoma kadi za zaidi ya GB 32. Mara nyingi msiba wote huishia hapo: kadi inafunguka na picha zinaonekana. Zinakili sehemu mbili tofauti kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Ikigoma bado, tengeneza kwanza nakala pacha ya kadi nzima, yaani faili moja kubwa lenye kila kilichomo, pamoja na daftari lile bovu. Win32 Disk Imager hufanya kazi hiyo bila malipo. Chagua kusoma kutoka kwenye kadi, na uangalie sana usichague kuandika. Kadi ya GB 32 inahitaji nafasi ya GB 32 kwenye kompyuta. Ukishaipata nakala hiyo, weka kadi kwenye bahasha, andika jina la maharusi, na uiache. Kazi ya kutafuta picha ifanyie kwenye nakala.

Kwa kutafuta, PhotoRec ni ya bure na inaaminika. Haijali daftari hata kidogo. Inapita rafu kwa rafu ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG au CR2 (faili ghafi la Canon) huanza nazo, kisha inazitoa. Ielekeze ihifadhi inachokipata kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Usishtuke majina ya mafaili yakiwa yamebadilika kuwa herufi na tarakimu tupu, kwa kuwa majina yalikuwa daftarini. Tarehe na saa ya kupigwa imo ndani ya picha yenyewe, hivyo ukizipanga kwa saa hiyo harusi itarudi kwenye mpangilio wake. Video ni ngumu zaidi. Faili refu huweza kuwa limehifadhiwa vipande vipande sehemu mbalimbali, na bila daftari programu haijui kipande kipi kinafuata kipi. Tarajia baadhi zisicheze.

Kuna hali moja ambayo hupaswi kuhangaika nayo mwenyewe. Ikiwa kadi haionekani kabisa kwenye visoma kadi viwili vizuri, au inaonyesha ukubwa wa sifuri, au inapata moto ukiichomeka, basi kilichokufa ni kidhibiti kilichomo ndani yake. Hakuna programu itakayoisoma. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa kurejesha data, wanaoweza kuisoma chipu ya kumbukumbu moja kwa moja. Ni huduma ghali na haina uhakika, lakini kila jaribio unaloongeza nyumbani linapunguza nafasi yao.

Sasa turudi kwenye kamera. Rafiki aliyesema shata imekwisha amekosea, na kosa lenyewe linafaa kueleweka. Shata ni mapazia membamba yaliyo mbele ya sensa, yaani kile kipokezi cha picha ndani ya kamera, yanayofunguka na kufunga kila unapopiga. Kwa kamera za daraja la 700D hukadiriwa kuhimili mizunguko 100,000 hivi, na ni kweli huchoka. Ila shata ikifa, kamera bado inawaka. Skrini inafunguka, menyu inafunguka, na ukibonyeza kupiga ndipo unapoona ujumbe wa kosa, mara nyingi Err 20 au Err 30. Ujumbe ukiwa Err 01, shida iko kwenye mawasiliano ya lenzi na mwili wa kamera. Ukiwa Err 02, ni kadi. Kamera yako haijasema chochote. Kamera iliyo kimya kabisa haifikiwi na umeme, au inafikiwa na kitu ndani kinaumeza wote kabla haujafika kwenye ubongo wake.

Umeme huo unaanzia kwenye betri ya LP-E8 yenye seli mbili, volti 7.2 kwa maandishi na 8.4 ikijaa. Kutoka hapo hupita kwenye meno ya chuma ndani ya chumba cha betri, hufika kwenye fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele, kisha kwenye bodi inayougawa kwa volti mbalimbali. Kuna pia swichi ndogo za milango. Mlango wa betri usipofunga sawasawa, kamera inajifanya imekufa kwa makusudi, ili usije ukachomoa betri ikiwa inaandika. Mlango wa kadi nao hivyohivyo. Kwenye kamera zilizoshatumika, kijino cha plastiki kinachobonyeza swichi huwa kimevunjika au mlango umelegea, na mwenye kamera huhangaika miezi kwa tatizo la shilingi chache. Angalia hilo kwa tochi wakati betri iko nje.

Betri zako mbili zinaweza kuwa zimekufa pamoja. Hilo si ajabu ikiwa zilinunuliwa siku moja na zinachajiwa na chaja moja, kwa sababu chaja mbovu huziacha zote tupu. Taa ya chaja ya kampuni huwa ya rangi ya chungwa ikichaji na ya kijani ikijaa, lakini taa pekee haitoshi. Azima mita kwa fundi yeyote wa redio, iweke kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu (DC), na upime betri kwenye alama za kujumlisha na kutoa. Iliyojaa itasoma kati ya 8.0 na 8.4. Ikisoma chini ya 6.5 baada ya kuchajiwa, imekwisha. Fahamu hata hivyo kwamba kipimo hiki kinamkamata mgonjwa mahututi tu. Betri chovu inaweza kusoma 8.2 ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka pale kioo cha ndani ya kamera kinaponyanyuka, lenzi inapotafuta fokasi na flashi inapodai chaji kwa pamoja. Njia ya uhakika ni kuazima betri ya kampuni kutoka kwa mwenzako mwenye 550D, 600D, 650D au 700D. Zote hutumia hiyohiyo. Betri iliyovimba usiilazimishe kuingia na usiichaji tena.

Hata hivyo, ukiniuliza ninachokishuku zaidi, si betri. Ni safari ya kamera yako siku ile: ufukweni, ukumbini, bustanini.

Upepo wa bahari hubeba matone madogo ya maji ya chumvi. Yanatua juu ya kamera, yanakauka, na chumvi inabaki kwenye mianya ya milango, kwenye vibonye, kwenye kiatu cha flashi, pale juu flashi ya nje inapochomekwa. Lenzi ya kuvuta, kama ile ya 18-55 inayouzwa na kamera hii, inaporefuka na kufupika huvuta hewa ndani kama pampu, na hewa hiyo inaingia na chumvi yake. Chumvi kavu haipitishi umeme, kwa hiyo ufukweni hukuona tatizo lolote. Kisha kamera ikakaa kwenye kiyoyozi mpaka chuma chake kikapoa kufikia nyuzi 20 au 22. Nje, hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Ni lile jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, ila sasa linatokea juu ya kamera na pengine ndani yake, hasa kama ulibadilisha lenzi bustanini. Maji ya umande peke yake ni maji safi kiasi na hayapitishi umeme vizuri. Yakichanganyika na chumvi iliyokuwa ikisubiri pale, yanakuwa njia ya umeme.

Ndiyo maana nimekukataza kuwasha. Kamera yenye unyevu bila betri ni kamera yenye unyevu tu. Yenye betri, umeme unapita mahali ambapo haukukusudiwa, unakata fyuzi au unaunguza chipu, na chumvi ikipata umeme hula shaba ya bodi kwa kasi kubwa. Canon wenyewe wanasema 700D ifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 40, na unyevu usizidi asilimia 85. Jioni zetu za Pwani hukaribia mpaka huo mara kwa mara.

Mchele uache upikwe. Unavuta unyevu kidogo mno na polepole, na unaacha vumbi la wanga ambalo likiingia kwenye kioo na sensa linakuongezea kazi. Tumia silika jeli, zile punje za vipakiti vinavyokuja na viatu na mikoba. Vipakiti vilivyokaa wazi vimeshashiba unyevu, kwa hiyo nunua mpya, gramu 100 hadi 200. Toa lenzi, betri na kadi, fungua milango yote na skrini, kisha weka mwili wa kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na silika jeli, kwa saa 48 hadi 72. Tundu la lenzi lielekee chini, lifunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Lenzi ikae pembeni humohumo. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa inasukuma maji ndani zaidi na kulegeza gundi. Usiianike juani.

Siku ya tatu, iwashe ikiwa tupu. Weka betri nzuri uliyoiazima, bila lenzi, bila kadi, bila flashi ya juu, na bila kishikio cha betri kama unacho. Ikiwaka, utaona F00 mahali panapoandikwa kipimo cha upenyo wa lenzi (aperture), na hiyo ni sawa. Zima, weka kadi tofauti (ile ya ndoa iko kwenye bahasha), washa. Zima, weka lenzi, washa. Ikizima baada ya kuongeza kitu fulani, umempata mkosaji. Kama ni lenzi, futa vidole vyake vya dhahabu kwa kitambaa chenye isopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi. Usitumie thina, inayeyusha plastiki. Usitumie spiriti ya kidonda, kwa kuwa baadhi huongezwa mafuta yanayoacha utando. Na usiguse dhahabu hiyo kwa msasa: tabaka lake ni jembamba sana, na likitoka kinachobaki kitashika kutu.

Ikiwaka vizuri kabisa, furahi, lakini usiichukue kwenye harusi ya wiki ijayo kama kamera yako pekee. Kukausha kunaondoa maji. Chumvi inabaki palepale ikisubiri umande mwingine. Kamera iliyofufuka baada ya unyevu wa bahari inahitaji kufunguliwa na kusafishwa ndani kwa isopropili na mtu anayejua, hata kama inapiga picha safi leo.

Ikibaki kimya hata kwa betri nzuri na milango iliyofunga, muda wa kujaribu nyumbani umeisha. Je, jirani yako fundi wa simu aifungue? Mikono yake huenda ni mizuri kuliko unavyodhani, maana anashughulika na bodi ndogo kila siku. Ila kamera hii ina flashi ndani, na flashi ina kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, inayoshika volti 300 hivi, hata betri ikiwa nje. Ikimpiga itamuumiza. Ikitoa chaji yake mahali pasipo pake, inaua bodi kuu iliyokuwa nzima. Muulize maswali mawili kabla ya kumpa: ataimwaga vipi chaji ya flashi, na ameshafungua kamera za aina hii ngapi? Anayejibu kwamba huigusisha kwa bisibisi hadi icheche, mshukuru na uondoke na kamera yako. Anayejua hutumia rezista, inayoitoa chaji polepole. Angalia pia bisibisi zake, kwa sababu skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba unaotofautiana kidogo na ule wa kawaida, na bisibisi isiyo sahihi huzimaliza vichwa.

Fundi mzuri hataanza kwa kubadilisha vitu. Ataipa kamera volti 7.4 kutoka kwenye mashine ya umeme yenye kikomo cha mkondo, kisha asome inavuta kiasi gani. Isipovuta chochote, njia imekatika: fyuzi, meno ya betri au swichi ya mlango. Ikivuta ampea nzima au zaidi kabla hata ya kuwashwa, kuna shoti kwenye bodi. Hali ya kwanza mara nyingi ni matengenezo madogo. Ya pili ni kubwa na matokeo yake hayatabiriki. Mkatalie kabisa fundi anayetaka kuruka fyuzi kwa waya. Fyuzi ilikatika kwa sababu, na waya utaifanya sababu hiyo iunguze kitu cha gharama zaidi.

Juu ya fedha nitakuwa mkweli. 700D ilitoka mwaka 2013. Fyuzi, swichi, mlango, usafi wa ndani: tengeneza bila kusita. Shoti kwenye bodi kuu: omba bei ya matengenezo, kisha ulizia bei ya mwili mwingine uliotumika kabla ya kukubali. Bei ya fundi ikivuka nusu ya mwili mwingine, mimi ningenunua mwili mwingine. Lenzi zako zitaingia kwenye kamera yoyote ya Canon ya daraja hilo, na hiyo iliyokufa itakupa vipuri. Kwa anayelipwa kupiga harusi, mwili wa pili ni kifaa cha kazi kama betri ya pili.

Maharusi waambie mapema, hata kabla hujajua mwisho wake. Sema kamera ilipata hitilafu, kadi iko salama, na unarejesha picha. Wakati huohuo kusanya picha za simu za wageni kutoka sehemu ya keki, kabla hazijafutwa.

Kwa harusi inayofuata, kabla ya kutoka kwenye kiyoyozi ingiza kamera kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga ungali ndani ya ukumbi, ubane hewa itoke, kisha ukifika nje usubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kuufungua. Umande utatua juu ya mfuko badala ya kamera. Kama ratiba haitoi nafasi hiyo, omba kamera ikae kwenye veranda au kwenye gari lisilo na kiyoyozi dakika za mwisho za sherehe ya ndani. Ukitoka ufukweni, ifute nje yote kwa kitambaa kilicholowekwa maji safi na kukamuliwa sana, halafu kwa kikavu, usiku uleule. Na kwa kuwa 700D ina tundu moja tu la kadi, badilisha kadi kila hatua ya sherehe, ili ajali ya bustanini isiguse picha za ndoa.

Ukimpelekea fundi, mpe mwili peke yake. Betri, lenzi na mkanda vibaki nyumbani. Mwandikie kwenye karatasi ulichonieleza mimi: ufukweni, kiyoyozi, kisha kuzima nje, na kwamba ulijaribu kuiwasha mara nyingi baada ya hapo. Mwombe akurudishie kipuri chochote atakachokitoa. Kadi usimpe hata akiiomba ya kujaribia, mnunulie nyingine.